Kuangalia ndege na wanyama wa uani wakati wa kipupwe: mwongozo kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Huku kwetu wengi huamini kwamba kuanzia Juni hadi Agosti hakuna ndege wa maana wa kuangalia. Wageni kutoka Ulaya waliondoka tangu Aprili. Kwera (ndege wafuma viota) na fumbwe (yule mwenye mkia mrefu) dume wamevua mavazi yao ya masika na sasa hutofautishi dume na jike. Asubuhi mlima wenyewe hauonekani, sembuse ndege. Basi darubini inarudishwa kabatini mpaka Oktoba.

Mimi naona huu ndio msimu mzuri kuliko yote kwa anayeanza. Katika kipupwe hali ya hewa inaweza kugeuka mara tatu kabla ya saa sita mchana: ukungu, rasharasha, kisha jua. Kila inapogeuka, wanaotoka hubadilika na wanachofanya hubadilika. Ukijifunza kufuata wingu kwanza na ndege baadaye, kiwanja chako kidogo kitakupa mengi kuliko safari ya kwenda mbugani.

Ijue baridi ya mtaani kwako

Baridi yetu inakuja na kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Ukikutana na mlima unalazimika kupanda, unapoa, unageuka wingu. Ndiyo maana Machame, Kibosho na Uru hukaa ndani ya wingu siku nzima wakati mtu wa Pasua au Njia Panda anaanika nguo. Arusha nayo iko miguuni mwa Meru, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Moshi mjini ni mita 800 na ushee. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo. Mtu wa Ilboru, Arusha, na mtu wa Majengo, Moshi, wako katika msimu mmoja, lakini ndege zao hawaamki kwa wakati mmoja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na pia mwelekeo wa msimu wa kipupwe. Usome, ila usiutegemee kwa mambo ya uani kwako. Toka nje uangalie wingu limekaa wapi. Kwa kawaida kati ya Sabasaba na Nanenane ndipo baridi hukaza, na kwa siku za mawingu mazito pengo la jua hufunguka kati ya saa nne na saa sita mchana. Jua huchomoza kama saa 12 na dakika 35 hadi 40 asubuhi, lakini siku ya ukungu usitarajie shughuli kubwa kabla ya saa moja na nusu. Kunywa chai kwanza.

Chagua kiti kimoja na ukikalie

Kosa la wengi ni kuzunguka. Uani ndege wakikuona unazunguka wanakuhesabu kuwa mtu wa mawe au wa manati. Ukikaa mahali pamoja siku kadhaa wanakuzoea, na hapo ndipo mambo huanza.

Kiti hicho kiweke kwa kufuata kanuni mbili. Ya kwanza ni mwanga. Mbingu ya kipupwe ni nyeupe, na ndege aliyetua kileleni mbele ya mbingu nyeupe huonekana kivuli cheusi tu, hata awe na rangi gani. Kaa mahali ambapo macho yako yanakutana na majani: migomba, ukuta wa masale, mparachichi mnene. Kibaraza kilichoinuka kidogo kinafaa kuliko kukaa chini, kwa kuwa unaangalia mbele badala ya juu. Ya pili ni mti wa jua la kwanza. Kila kiwanja kina mti mmoja ambao jua likitoka tu linaugusa kabla ya mingine. Huenda ni mgrevilea wa mpakani, au mringaringa wa jirani. Kaa upande wa mashariki wake, jua likiwa mgongoni kwako, na mti huo uwe mbele. Ukiwa na kihamba cha kizamani, chenye migomba chini, kahawa katikati na miti mikubwa juu, una ghorofa tatu za ndege mahali pamoja, na kila ghorofa ina wapangaji wake.

Vaa sweta la rangi iliyokoza. Mfunge mbwa. Watoto waache wawepo, wana macho makali kuliko wewe.

Vifaa, kwa kifupi

Ukinunua darubini, tafuta iliyoandikwa 8x42 au karibu na hapo. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika kwenye jicho: 42 kwa 8 ni zaidi ya milimita 5, lakini kile kidarubini cha mfukoni cha 8x25 kinatoa 3 tu. Siku ya jua hutaona tofauti kubwa. Asubuhi ya ukungu wa Julai, hicho kidogo kitakuonyesha giza. Zile zinazojisifu kuvuta mara 20 au 30 ziache dukani. Mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anapotea.

Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia jikoni kwenye joto na mvuke, lenzi itapata ukungu. Iache kwenye mfuko wake kwa muda ipate joto taratibu, usiifute na upindo wa shati. Ongeza daftari, penseli (kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu) na simu ya kurekodi sauti. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hubashiri jina la ndege kwa picha au kwa sauti, nayo ni bure. Ichukulie ubashiri wake kama maoni ya jirani: msikilize, halafu kahakikishe mwenyewe.

Maji, chakula, na kuku wako

Maji ndiyo mwaliko bora. Beseni bapa la plastiki au sahani ya udongo, kina cha maji kisizidi sentimita 5, na jiwe katikati pa kutua. Liweke karibu na kichaka cha kukimbilia, lakini si karibu kiasi cha paka kujificha na kurukia. Badilisha maji kila siku, au kila baada ya siku mbili. Ukiyaacha wiki nzima utakuwa unafuga mbu.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi msimu huu. Nafaka iliyolowa kwa rasharasha huota ukungu, na nafaka yenye ukungu ina sumu kwa ndege kama ilivyo kwa mtu. Weka kidogo, mtama au uwele kiasi cha kiganja, kinachoisha kabla ya mchana. Ndizi mbivu au kipande cha papai kilichochomekwa kwenye tawi huvuta ndege wa matunda. Ugali wenye chumvi, mkate, chipsi zilizobaki: hapana.

Kama unafuga kuku, meza ya ndege iwe mbali kabisa na banda. Njiwa na tetere wanaokula pamoja na kuku wanaweza kupitisha magonjwa, na mdondo ukiingia bandani unajua mwenyewe hasara yake. Kuku wapewe chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, uwe unalisha ndege au hulishi.

Kuliko meza, mimi ningependelea mimea. Mishubiri mingi huchanua wakati huu wa baridi, ikitoa mashada ya maua mekundu na ya chungwa, na chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maji ya maua, hawawezi kuipita. Ua la mgomba nalo lina maji matamu mwaka mzima; usilikate mapema. Na usifagie majani yote yaliyoanguka. Chini yake ndiko minyoo na wadudu waliko.

Kusoma wingu

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

*Ukungu umeshika.* Weka darubini chini, tumia masikio. Kabla hakujapambazuka vizuri utasikia kwarara wakiruka kutoka walikolala, kwa kelele inayoamsha mtaa mzima. Baada yao sikiliza sauti inayofanana na kengele ikijibiwa papo hapo na nyingine. Huyo ni tiva, yule mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na ni wawili, dume na jike, wanaopokezana kwa haraka kiasi kwamba ukiwa mbali utaapa ni ndege mmoja. Njia ya kuwatenganisha ni kusogea mpaka uwe katikati yao. Rekodi sauti, andika saa, usitafute jina mara moja.

*Rasharasha.* Huu ni muda wa kuangalia chini. Udongo umelainika na kwarara wanarudi kwenye nyasi, wanatembea polepole wakichoma ule mdomo mrefu uliopinda ardhini. Ukimtazama mmoja kwa makini utaona hachomi ovyo: anagusa, anagusa, anatulia, kisha anazamisha mdomo mpaka karibu na macho na kuvuta mnyoo. Ndege wadogo wa kichakani nao hushuka, hasa siafu wakiwa wanapita. Siafu wakitembea, wadudu hukimbia mbele yao, na ndege wajanja hukaa pembeni wakiwadaka. Ukiona ndege watatu wa aina tofauti wanarukaruka chini mahali pamoja, angalia miguu yako kabla ya kuangalia ndege.

Mbayuwayu na teleka wakishuka chini, wanapita usawa wa paa, maana yake wadudu wameshuka. Anua nguo.

*Wingu linapasuka.* Acha kila unachofanya. Dakika kumi na tano za kwanza za jua baada ya asubuhi ya baridi ndizo tajiri kuliko siku nzima, na hapa ndipo ule mti wako wa jua la kwanza unapolipa.

Anza na kuzumburu. Ni ndege wa rangi ya kahawia, ana kishungi na mkia mrefu kupita mwili wake. Wenye mipapai wanamfahamu kwa hasira. Usiku wa baridi hulala kwa kubanana, kundi zima limeng'ang'aniana kwenye tawi moja, na miili yao hupoa. Jua likitoka hupanda juu ya kichaka wakaning'inia, miguu imefika karibu na mabega, kifua na tumbo wamelielekezea jua, manyoya ya tumbo wameyatanua mpaka ngozi nyeusi inaonekana. Hawaimbi, hawali. Unaweza kusogea karibu kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa bado miili haijawa tayari kuruka. Usitumie vibaya nafasi hiyo. Kumtimua ndege aliyepoa ni kumwibia nguvu anazozihitaji. Wakishapata joto wote huondoka, mmoja nyuma ya mwingine, na papai lako linaanza kuliwa.

Wakati huohuo chozi wanafika kwenye mshubiri. Dume wa chozi mwenye kifua chekundu, jua likimpiga, ni kama kaa la moto kwenye majani. Hesabu muda anaokaa kwenye ua moja na nani anamfukuza nani. Mwenye mshubiri ana vita kila siku, na mwenye vita ana tabia unayoweza kuandika.

Mnana wa bustanini, ambaye Arusha yuko karibu kila ua, huja wawili wawili. Huyu ni msaada mkubwa kwa anayejifunza kwa kuwa havui rangi zake baridi ikija: dume ana paji la uso la njano na barakoa nyeusi, jike kichwa chote cheusi juu. Fumbwe ni kinyume chake. Ule mkia mrefu wa masika umeshaanguka na dume amebaki na michirizi ya kahawia, akichanganyika na shomoro kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Kinachomsaliti ni mdomo mwekundu. Ukijifunza kumtambua fumbwe wa Julai, wa Aprili hatakusumbua kamwe.

*Jua limekaa.* Kuanzia saa tano hivi angalia juu. Mwewe na ndege wengine wakubwa wanaoelea hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, hivyo asubuhi ya baridi huwakuta wamejikunyata kwenye miti. Ukiwaona wanaanza kuzunguka bila kupiga mbawa, ujue ardhi imeshapata joto. Vifaranga viingie ndani.

*Jioni.* Wakazi wa Rau na wa kandokando ya misitu ya Duluti wana bahati ya hondohondo, wale wakubwa weusi na weupe wenye pembe juu ya mdomo. Utasikia mbawa zao kabla ya kuwaona. Huhamahama wakifuata mikuyu iliyoiva, kwa hiyo mwaka huu wanaweza kuwa kwako kila siku na mwaka ujao wasionekane. Pia katika miezi hii baadhi ya ndege wa msitu wa juu hushuka kukwepa baridi. Ukikutana na ndege usiyemjua kabisa kwenye kichaka chenye giza mwezi wa saba, usijidharau. Mpige picha hata mbaya.

Wasio ndege

Mijusi ni kipimajoto. Yule wa ukutani mwenye kichwa cha rangi ya chungwa hatoki mpaka ukuta upate moto, na saa anayotoka inastahili kuandikwa.

Kinyonga anatafutwa usiku. Mchana amejificha vizuri kukushinda, lakini usiku hulala kwenye ncha ya kijitawi, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa mweupe kati ya majani. Tembea taratibu kando ya ua wa masale au michongoma, tochi ikiwa usawa wa macho yako. Ukimpata usimguse, funga uzi kwenye tawi la jirani kama alama, urudi asubuhi. Jua likimfikia utamwona akijibana ubavu hadi awe bapa, na upande unaotazama jua ukiwa mweusi ili unyonye joto, ule mwingine ukibaki mpauko. Miteremko ya Meru ina kinyonga wa pembe tatu wa jamii isiyopatikana mlima mwingine, na jike wake huzaa watoto badala ya kutaga. Kwa Kilimanjaro tafuta dume mwenye pembe mbili bapa puani. Kuwakamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hilo linahusu ndege na komba pia.

Komba utamsikia akilia kama saa mbili usiku, na mgeni kutoka mjini atadhani ni mtoto. Funika tochi kwa nailoni nyekundu. Mwanga mwekundu haumsumbui sana, na macho yake bado yatakurudishia mng'ao.

Kuhusu bundi, najua wasemavyo wazee, na sitagombana na mtu. Nitasema tu kwamba yule bundi mweupe wa darini anakula panya kila usiku, huwameza wazima, kisha hutapika vitonge vya manyoya na mifupa. Viokote chini ya mahali anapotua, vikauke, vaa glavu, uvipasue kwa vijiti. Mafuvu ya panya utakayoyakuta humo yatakusaidia kumtetea kwenye kikao cha ukoo.

Mchana, walinzi wako ni shore, wale wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Wakikusanyika wakipiga kelele bila kuacha kwenye mti mmoja, kuna kitu: bundi, paka au nyoka. Nenda uone, lakini simama mbali na usiinue mikono kwenye matawi.

Daftari

Andika hali ya hewa kabla ya jina la ndege. Mstari mmoja unatosha: tarehe, saa, wingu, upepo, kisha nani na anafanya nini. "Saa 4:20, wingu limepasuka, hakuna upepo, kuzumburu saba juu ya mwarobaini wanaota jua" ni rekodi yenye thamani kuliko orodha ya majina ishirini yasiyo na saa. Ukiwa na intaneti, ingiza kwenye eBird, tovuti ya kuhifadhi rekodi za ndege. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na watu wengi huandika waliowaona mbugani. Rekodi za uani Soweto ya Moshi au Sakina ya Arusha ni chache.

Usiache kuandika siku ambazo hukuona kitu. Siku tatu za ukungu bila chozi hata mmoja, kisha jua na chozi watano: hilo usingelijua kama zile siku tatu ungeziruka.

Kipupwe kikiisha

Septemba upepo huanza kulegea, na Arusha jakaranda zinaanza kuonyesha zambarau. Weka alama tatu daftarini za kujazwa tarehe. Ya kwanza: keremkerem wa Ulaya wakipita juu sana, utawasikia kabla ya kuwaona. Ya pili: mbayuwayu wageni kwenye nyaya za umeme. Ya tatu: kwera dume wa kwanza kuanza kupata madoa ya rangi, akiwa nusu amevaa nusu bado. Na mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha jioni, lala mapema, kwa sababu kesho yake kumbikumbi watatoka na ndege wote uliowafuatilia miezi mitatu watakuwa uani kwako kwa wakati mmoja. Kazini utatoa udhuru mwingine.